Nimshushe baba mlangoni, au niende naye maegesho?

Swali: Baba yangu ana miaka 74. Mwaka juzi alipata kiharusi. Anaweza kusimama na kupiga hatua chache kwa fimbo, lakini ngazi haziwezi, na maneno humtoka polepole. Kwa mwendo mrefu anatumia kiti cha magurudumu cha umeme kinachokunjwa. Mwezi ujao tunasafiri sisi wawili tu, kwa wiki mbili, kupitia kiwanja kidogo cha ndege kilicho ndani ya jiji, na dereva ni mimi. Nikimshusha mlangoni, nitamwacha na nani wakati naenda kuegesha? Nikienda naye maegesho ya mbali, tutafikaje ndani? Na kiti chake kitakubaliwa kwenye ndege?

Jibu: Mpe mzee shikamoo yangu, na wewe pole kwa kuuguza. Swali lako limegusa kipande cha safari ambacho hakina mwenyewe. Shirika la ndege litakueleza mambo ya ndani ya ndege, kiwanja kitakueleza mambo ya ndani ya jengo, lakini zile mita mia mbili au tatu kati ya gari na kaunta kila mmoja anadhani ni kazi ya mwenzake. Na abiria wenye ulemavu wengi huchokea hapo hapo, kabla hata hawajaonyesha tiketi.

Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Usimwache mzee peke yake mlangoni, wala usiende naye maegesho ya mbali. Egesha ukiwa naye kwenye maegesho yaliyo karibu kabisa na jengo la abiria, katika nafasi iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, na uwe umeshaomba siku kadhaa kabla kwamba msaada uanzie hapo hapo maegesho. Watu wengi huomba kiti cha magurudumu, wanaambiwa "sawa, kipo," halafu wanagundua kuwa kiti hicho kinawasubiri kaunta, na kufika kaunta ni juu yao. Kwa hiyo unapoomba, taja mahali: tutakuwa maegesho fulani, ghorofa fulani, saa fulani.

Kwa nini siyo mlangoni? Sehemu ya kushushia abiria siku hizi hairuhusu gari kusimama bila dereva hata kwa dakika chache. Hili lina historia yake. Tarehe 30 Juni 2007 watu wawili waliligongesha gari lililojaa mitungi ya gesi kwenye mlango wa jengo la abiria la kiwanja cha Glasgow, Uskoti. Baada ya hapo viwanja vingi viliweka nguzo za kuzuia magari, vikasogeza njia za magari mbali na kuta za jengo, na vikaongeza ukali dhidi ya gari lolote lililoachwa. Ukitoka kwenye usukani kumsindikiza mzee ndani, hata kama umewasha taa zote za tahadhari, unaweza kukuta gari limefungwa mnyororo au limeshavutwa. Askari wa pale ataelewa hali yako kabisa, lakini hana ruhusa ya kukulindia gari.

Sasa fikiria upande wa pili. Umemshusha, umemkalisha, umeondoka. Kuzunguka barabara za kiwanja, kuingia maegesho, kupata nafasi na kurudi kwa miguu kunaweza kuchukua dakika kumi na tano hata thelathini. Mtu ambaye maneno humtoka polepole amekaa peke yake na mabegi mawili mahali ambapo mabegi yasiyo na mwenyewe huulizwa maswali. Kwa mzee wako mimi nisingefanya hivyo.

Ipo hali moja tu ambayo kushusha mlangoni ni sawa: kiwanja kiwe na kituo cha msaada pale pale nje, na mhudumu awe amekuja mbele ya macho yako kabla hujaondoa gari. Viwanja vingi vina nguzo yenye kitufe au simu ya kuita wahudumu, kwenye sehemu ya kushushia na kwenye maegesho. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hili ni suala la sheria. Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inakitaka kiwanja kitenge sehemu maalumu, ndani na nje ya jengo, ambapo abiria mwenye ulemavu anaweza kutangaza kwamba amefika na kuomba kusaidiwa, na maegesho ya kiwanja yametajwa miongoni mwa mahali panapofaa. Msaada huo ni bure. Uingereza nayo imeendelea na kanuni hiyo baada ya kutoka kwenye Umoja. Ukipiga simu kiwanjani kwenu, swali la kuuliza ni moja: kitufe cha kuita msaada kiko wapi, na baada ya kukibonyeza mtu huja baada ya muda gani? Akikwama kukujibu, omba kuongea na kitengo cha abiria wanaohitaji msaada, maana anayepokea simu za jumla mara nyingi hajui.

Twende kwenye maegesho yenyewe. Viwanja huwa na aina mbili kuu: ya muda mfupi, ambayo yako jirani na jengo na bei yake iko juu, na ya siku nyingi, ambayo ni nafuu lakini yako mbali na hutegemea basi. Kwa wiki mbili mtu yeyote angekushauri ya siku nyingi. Mimi nakushauri kwanza uulize kuhusu basi. Lina sakafu ya chini au ngazi? Lina ubao wa kuteremsha kiti? Dereva anaruhusiwa kusaidia? Basi la ngazi tatu linatosha kuharibu mpango wote, kwa kwenda na kwa kurudi. Likiwa halifai, kiulize kiwanja kama kina utaratibu wa kumwachia abiria mwenye ulemavu aegeshe karibu kwa bei ya maegesho ya mbali. Viwanja vingine vinao ila haviutangazi sana, na vingine huutoa kwa anayeandika mapema tu. Omba jibu kwa maandishi, ulihifadhi kwenye simu.

Kuna njia ya tatu ambayo kwa dereva aliye peke yake naipenda kuliko zote: huduma ya kuegeshewa gari. Unafika karibu na mlango, unakabidhi ufunguo, mfanyakazi anaondoka na gari nawe unabaki na baba yako. Kwa kawaida ni ghali, lakini hapa inamaliza tatizo lako lote kwa mpigo mmoja. Hakikisha ni huduma ya kiwanja chenyewe au kampuni iliyoidhinishwa na kiwanja. Piga picha gari pande zote na kilomita zake kabla ya kukabidhi. Kama gari lina vifaa vya kuendeshea kwa mikono badala ya miguu, waambie mapema, kwa sababu bima ya madereva wao inaweza isiyaruhusu magari ya namna hiyo.

Ukiamua kuegesha mwenyewe, angalia upana wa nafasi. Nafasi ya watu wenye ulemavu haitofautiani na nyingine kwa ile alama ya kiti iliyochorwa chini tu. Tofauti ni eneo la mistari lililo pembeni yake. Uingereza nafasi ya kawaida ni mita 2.4, na ile ya watu wenye ulemavu inaongezewa mita 1.2 za mistari. Marekani eneo hilo la pembeni huwa kama mita 1.5. Eneo hilo ndilo linalokuwezesha kufungua mlango wote, kusogeza kiti hadi ubavuni mwa gari, na mzee akageuka bila kujipinda. Mzee anakaa upande wa abiria, kwa hiyo ingia kwa namna ambayo mlango wake utaangalia mistari. Mara nyingine itabidi uingie kinyumenyume. Watu hulisahau hili, wakarudi usiku wakiwa wamechoka na kukuta gari la jirani limebana mlango uleule wanaouhitaji.

Kimo cha gari nacho. Maegesho ya ghorofa mara nyingi huwa na dari ya chini, mita mbili na kidogo, na magari yenye paa lililoinuliwa kwa ajili ya viti vya magurudumu hayapiti. Sheria za Marekani zinataka nafasi za magari hayo, pamoja na njia ya kuzifikia, ziwe na uwazi wa angalau mita 2.49 kwenda juu. Kwingine usikisie, kimo kimeandikwa kwenye nondo inayoning'inia mlangoni na mara nyingi kwenye ukurasa wa kiwanja pia. Kama gari lako ni la kawaida, ruka hili.

Kibali cha maegesho cha mtu mwenye ulemavu, kama mzee anacho, kichukue na kiache kwenye dashibodi. Lakini usidhani kinafuta ada. Barabarani kibali kinaweza kukupa nafasi bure. Kiwanjani ardhi mara nyingi ni ya kampuni inayoendesha kiwanja, yenye masharti yake. Kiwanja cha Heathrow, London, kwa mfano, humsamehe mwenye kibali ada ya kushushia abiria, lakini ni lazima awe amelisajili gari. Kamera inasoma namba ya gari, haisomi dashibodi. Uliza kama kwenu kuna usajili wa namna hiyo, na kama kibali kilichotolewa na nchi nyingine kinatambuliwa.

Kabla hujaondoka garini piga picha namba ya ghorofa na ya nafasi. Tazama pia lifti ziko ngapi. Maegesho yenye lifti moja ni hatari kwenu, kwa sababu ikiharibika siku mnayorudi, gari litakuwa juu na mzee chini. Ukiwa na hiari, chagua ghorofa iliyo usawa mmoja na jengo la abiria. Na kama kuna mteremko wa zege kati ya maegesho na jengo, kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila mita 1 ya kupanda iwe na angalau mita 12 za urefu. Mteremko mkali kuliko huo kiti kidogo cha umeme kinaweza kuushindwa kikiwa na mtu mzito na begi.

Sasa naomba usome polepole hapa, kwa kuwa hapa ndipo safari nyingi huharibika na mwenye safari hajui kwa nini.

Shirika la ndege linapoandika ombi lako la msaada, haliandiki maneno yako. Linaandika herufi nne. Kuna vifupisho vitatu vikuu vya viti vya magurudumu, vinavyotumika duniani kote. WCHR ni abiria anayeweza kupanda na kushuka ngazi na kufika kwenye kiti chake, ila umbali mrefu humshinda. WCHS ni abiria asiyeweza ngazi, ila ndani ya ndege anaweza kutembea hadi kwenye kiti chake. WCHC ni abiria asiyeweza kutembea kabisa, ambaye lazima apelekwe hadi kwenye kiti chake na kusaidiwa kukaa.

Ukisema kwenye simu "baba anahitaji kiti cha magurudumu," mtu wa upande wa pili mara nyingi huandika WCHR, maana ndiyo inayoombwa zaidi. Siku ya safari mhudumu anakuja na kiti kizuri, anamsukuma mzee vizuri hadi chini ya ngazi za ndege, halafu anasimama. Kwa karatasi yake, mzee anapanda ngazi. Gari la kumnyanyua halikuombwa, liko ndege nyingine. Hapo ndipo unapomwona mzee mwenye heshima zake anabebwa na vijana wawili mbele ya abiria wote, au anaachwa hadi ndege inayofuata. Nimeyaona haya mara nyingi, na kila mara chanzo ni herufi moja.

Mzee wako, kwa ulivyoeleza, ni WCHS: hatua chache anaziweza, ngazi hapana. Itaje herufi kwa herufi unapopiga simu. Kisha omba usomewe kilichoandikwa, na kiwepo kwenye uthibitisho wa tiketi. Kama siku hizi mwili umelegea zaidi, au baada ya kukaa saa kadhaa miguu hukataa, sema WCHC, wala usione aibu. Wazee wengi wanapenda kujikaza mbele ya wahudumu, akiulizwa "mzee, unaweza kupanda kidogo?" atasema anaweza. Zungumza naye nyumbani, mkubaliane jibu.

Nasisitiza hili kwa sababu ya aina ya kiwanja ulichotaja. Viwanja vya ndani ya jiji vina faida moja kubwa: ni vidogo, kutoka mlangoni hadi geti si mbali. Vingine vina hata treni isiyo na ngazi mlangoni, kama London City, ambacho kilipata kituo chake cha reli nyepesi mwaka 2005. Lakini udogo una upande wa pili. Njia za kurukia ni fupi, ya London City ni mita 1,508, hivyo ndege ni ndogo, na kwenye viwanja vya namna hii abiria wengi hutembea kwenye uwanja wa wazi na kupanda ngazi, kwa sababu madaraja ya kuunganisha jengo na ndege ni machache au hayapo. Kiwanja kikubwa kinaweza kulificha kosa la WCHR kwa daraja lake. Kiwanja kidogo kitalifichua. Uliza: ndege yetu inapandwa kwa daraja, kwa mteremko wa kusukumwa, au kwa ambulifti? Ambulifti ni lori lenye chumba kinachonyanyuka hadi usawa wa mlango wa ndege. Kwenye kiwanja kidogo huwa ni moja au mawili, na lazima lipangiwe saa.

Toa taarifa angalau saa 48 kabla ya kuruka. Huo ndio muda uliowekwa na ile kanuni ya Ulaya, na mashirika mengi ya kwingine yanautumia. Marekani shirika haliwezi kukudai taarifa ya mapema kwa ajili ya msaada wa kawaida wa kusukumwa, ila linaweza kutaka saa 48 pale unapopeleka kiti cha umeme kwenye ndege yenye viti visivyofika 60. Hata ukisahau na muda ukapita, omba tu, wanatakiwa kujitahidi. Siku yenyewe, kama hawakukutajia saa, kanuni ya Ulaya inasema ufike kwenye kituo cha msaada cha nje saa 2 kabla ya ndege kuondoka, au kaunta saa 1 kabla. Kwa kuwa mna kiti cha umeme, fikeni saa 2 na nusu kabla ya ndege kuondoka. Ukaguzi wa betri unakula muda.

Hiyo betri ndiyo jibu la swali lako la mwisho. Viti vingi vinavyokunjwa hutumia betri ya lithiamu iliyobuniwa kuchomolewa. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaruhusu betri ya namna hiyo isiyozidi wati-saa 300 (wati-saa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), au kama kiti kina betri mbili, kila moja isizidi 160. Ukishaichomoa, kiti kinakwenda chini pamoja na mizigo na betri mnapanda nayo ndani, ikiwa imefunikwa ncha zake na imewekwa kwenye mfuko wake. Namba ya wati-saa huandikwa ubavuni. Kama haipo, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 24 na ampea-saa 10 ni 240, inapita, ya volti 24 na ampea-saa 20 ni 480, haipiti kwa utaratibu huu. Mna akiba? Inaruhusiwa moja isiyozidi 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja. Ipige picha lebo ya betri, mtumie mtu wa shirika, pamoja na uzito wa kiti na vipimo vyake kikiwa kimekunjwa. Vipimo havitakiwi kwa ajili ya karatasi tu: mlango wa sehemu ya mizigo wa Boeing 737 una kimo cha takriban sentimita 85 hadi 90, na ndege ndogo za viwanja vya jijini zinaweza kuwa na milango midogo zaidi. Kiti chako kinakunjwa, kwa hiyo sitarajii shida, lakini nataka jibu hilo ulipate leo na si pale kaunta. Kwa mizigo, kiti hakihesabiwi. Ile kanuni ya Ulaya inaruhusu hadi vifaa viwili vya kutembelea kwa kila abiria bila malipo, ikiwemo viti vya umeme.

Kaunta watakuuliza kama mzee atabaki kwenye kiti chake hadi mlangoni mwa ndege. Sema ndiyo. Kiti cha kiwanja si kiti cha mwili wake, na mtu aliyepooza upande mmoja huteleza na kuegemea vibaya kwenye kiti asichokizoea. Kifungwe lebo inayosema kirudishwe mlangoni mwa ndege mkifika, vinginevyo utakikuta kwenye mkanda wa mabegi. Chomoa kila kinachochomoka, kishikizo cha kuendeshea, mto, kikapu, uingie navyo ndani. Bandika karatasi kubwa ya maelezo kwenye kiti: namna ya kukikunja, wapi pa kushika, wapi pasishikwe, na namba yako ya simu. Weka picha badala ya maneno mengi, kwa kuwa wapakia mizigo huenda hawasomi lugha yako.

Ukaguzi wa usalama usikutie hofu. Mtu aliye kwenye kiti halazimishwi kupita kwenye lango la kupimia chuma. Atapapaswa na mkaguzi wa jinsia yake, na kiti kitafutwa kwa kitambaa cha kupimia mabaki ya vilipuzi. Akitaka faragha, kuna chumba. Dawa za maji anazohitaji safarini zinaruhusiwa hata zikizidi mililita 100, ila zitoe mwenyewe mapema na uwe na karatasi ya daktari. Kuhusu cheti cha kuthibitisha anafaa kusafiri, ulemavu uliotulia kwa kawaida hauhitaji cheti. Hutakiwa kwa mgonjwa wa karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au anayehitaji oksijeni. Baada ya kiharusi, hata cha mwaka juzi, mimi ningempitisha kwa daktari wake kwa usalama wake, bila kusubiri shirika lidai.

Jambo la maneno kumtoka polepole hukuliuliza, ila limenigusa. Wahudumu wenye haraka huanza kuzungumza na anayesukuma kiti na kumpita aliyekaa. Utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulioanza kiwanja cha Gatwick mwaka 2016, sasa unatambuliwa na viwanja vingi duniani. Anayeuvaa anawaambia wafanyakazi bila kusema kwamba anahitaji muda au subira. Hautoi haki ya kuruka foleni wala hauchukui nafasi ya ombi la WCHS. Kama kwenu haupo, andika kadi ndogo: "Nasikia na kuelewa vizuri. Nipe muda nijibu." Aishike mwenyewe.

Ndani ya ndege omba viti viwili vilivyo pamoja, karibu na choo, upande ambao mkono wake wenye nguvu utakuwa na kitu cha kushika. Safu ya mlango wa dharura hataruhusiwa. Uliza kama sehemu ya kuwekea mkono ya kiti cha kwenye njia inanyanyuka, na kama ndege ina kile kiti chembamba cha kumpeleka abiria chooni. Ndege ndogo nyingi hazina. Kwa ndege hizo, mpeleke choo cha geti dakika za mwisho kabla ya kupanda.

Mkifika, mtashuka mwisho. Kikague kiti pale pale mlangoni mwa ndege, kiwashe, kiendeshe mita chache. Kikiwa kimevunjika usitoke kiwanjani bila kujaza fomu ya uharibifu na kupewa namba yake. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika kwa safari nyingi za kimataifa, unataka malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7 kwa mzigo ulioharibika. Mkataba huo pia unaweka kikomo cha fidia: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiti kizuri cha umeme kinaweza kuzidi hapo mara kadhaa. Kwa hiyo, ukiwa kaunta na kabla ya kukikabidhi, unaweza kutoa tamko maalumu la thamani yake. Shirika linaweza kutoza nyongeza, lakini kikomo kinapanda hadi thamani uliyotamka. Mashirika mengine humsamehe nyongeza hiyo abiria mwenye kifaa cha ulemavu. Uliza, na uwe na risiti au picha ya bei.

Safari ya kurudi iombee msaada upya, kwa sababu ombi la kwenda si lazima likarudi nanyi, hasa tiketi zikiwa mbili tofauti. Sema hivi hivi: WCHS, kiti kiletwe mlangoni mwa ndege, na mhudumu atufikishe hadi kwenye gari. Kuna wahudumu ambao, wasipoambiwa, wanaona kazi yao imeishia kwenye mlango wa kutokea. Kama ulitumia huduma ya kuegeshewa gari, wapigie mara tu ndege inaposimama, wakati mnasubiri wengine washuke, ili ukifika nje na mzee gari liwe limeshaletwa. Kama uliegesha mwenyewe, lipia kwa simu au kwenye mashine iliyo ndani ya jengo kabla ya kutoka. Mashine za nje mara nyingi zimewekwa juu ya kiwango cha mtu aliyekaa, na usiku utakuwa na mikono miwili tu.